Farasi asiye na meno

Mpenzi msomaji, ukitaka kufika Kosele, panda matatu ya kwenda Kisii katika steji ya Kisumu asubuhi, kabla jua la ziwa halijakolea. Utapita Ahero penye mashamba ya mpunga, uingie Katito, kisha uvuke mto Sondu ambao maji yake huzungusha mitambo ya umeme ya Sondu Miriu. Kutoka hapo gari litaanza kupanda polepole. Joto la uwanda wa Kano litabaki nyuma, na kando ya barabara utaona akina mama wameketi nyuma ya mafungu ya viazi vitamu vya Kabondo. Nunua fungu moja, maana si vizuri kwenda kwa watu mikono mitupu. Ukifika Oyugis umeshakuwa jirani. Mwendesha bodaboda yeyote atakupeleka Kosele bila kuuliza njia.

Kosele ni soko la kawaida la nchi ya Rachuonyo, katika kaunti ya Homa Bay. Kuna maduka ya mabati, cherehani barazani, omena juu ya gunia, na ndizi zilizoteremshwa kutoka Kisii. Punda hupita na mitungi ya maji. Mgeni ataliona soko lote kwa dakika kumi, lakini mwenyeji hulimaliza kwa saa mbili, kwa sababu kila hatua ana mtu wa kusalimiana naye.

Mimi huenda pale kwa kuwa ndiko alikozaliwa mama yangu. Safari hii nilikwenda kwa sababu mjomba alinipigia simu usiku, akaniambia kwa sauti ya chini: "Mwanangu, njoo uzungumze na ndugu yako. Ng'ombe wake anaelekea kuliwa kabla hajanunuliwa."

Ng'ombe huyo alikuwa bado ni pesa. Binamu yangu, kijana wa miaka 28 ambaye ni mwendesha bodaboda, alikuwa amepokea zamu yake katika chama: shilingi 60,000. Yeye na mkewe walikuwa wameafikiana kwamba pesa hizo zitanunua ng'ombe wa maziwa, na maziwa yatalipa karo ya mtoto wao wa kwanza. Wiki tatu baadaye zilikuwa zimesalia 48,000. Zile 12,000 zilikuwa zimeliwa na farasi.

Mbio katika nchi isiyo na farasi

Lo! Farasi wa wapi tena, Kosele? Tangu utoto wangu sijamwona farasi hata mmoja katika vilima vile, na kuna sababu. Nchi za kandokando ya ziwa zilikuwa nchi za mbung'o, inzi anayeambukiza wanyama nagana na binadamu ugonjwa wa malale. Ng'ombe wa kienyeji waliweza kuvumilia kidogo, lakini farasi hawakuweza. Katika kaunti hiyohiyo ya Homa Bay kuna bonde la Lambwe, ambalo liliogopwa miaka mingi kwa sababu ya mbung'o. Huko ndiko iliko mbuga ya Ruma, iliyofanywa mbuga ya taifa mwaka 1983, na ndani yake anaishi swala mkubwa aitwaye korongo. Wataalamu wa wanyama wamempa korongo jina la Kigiriki lenye maana ya farasi-mbuzi. Basi huyo ndiye farasi wa karibu zaidi na Kosele, naye hapandwi na mtu.

Farasi waliokula pesa za binamu walikuwa wa kwenye kioo. Katika chumba kimoja sokoni kulikuwa na runinga ukutani, na kila baada ya dakika chache farasi sita walichorwa na kompyuta, wakatimka katika uwanja usiokuwepo mahali popote duniani. Vijana walisimama pale na vikaratasi vyao, wakapiga kelele kana kwamba farasi wanawasikia.

Jioni ile baada ya kula, binamu alinitolea daftari. "Dada," akasema, "wewe uliwahi kuandika habari za mbio za farasi za Nairobi. Niambie ukweli. Mtu aangalie ishara moja tu, au aangalie zote?"

Msomaji, usimcheke. Swali lake limewasumbua watu wenye shahada nyingi. Yeye mwenyewe alikuwa amejaribu njia zote mbili. Wiki ya kwanza aliamini ishara moja: farasi nambari nne, kwa sababu alimwona akishinda mara tatu mfululizo. Pesa zilipoanza kwenda, akasema kosa lake ni kuangalia kitu kimoja. Akanunua daftari la kurasa 96, akaandika kila kitu: nambari, rangi ya fulana, jina, saa ya mbio, nani alishinda mbio iliyotangulia na nani alishika mkia. Kurasa 31 zilikuwa zimejaa. Mwandiko ulikuwa safi kuliko wa karani.

Jumapili moja Ngong

Nikamweleza niliyoyaona miaka kadhaa iliyopita katika uwanja wa Ngong, kwenye barabara ya Ngong jijini Nairobi. Uwanja huo ulifunguliwa mwaka 1954. Kabla ya hapo mbio zilikuwa upande wa mashariki ya jiji, na ndiyo maana hadi leo kuna barabara karibu na Kariokor iitwayo Racecourse Road, ingawa hakuna kwato zinazopita pale. Mbio za Ngong hufanyika Jumapili. Watu huja na watoto, wakaketi kwenye majani, wakala chipsi, na kila baada ya muda ardhi hutetemeka kidogo. Hapo ndipo unapoinua macho.

Kabla ya kila mbio farasi huzungushwa mbele ya watu ili waonekane. Siku ile nilisimama kati ya wazee wawili. Mmoja alikuwa mtu wa ishara moja. Alitazama mpanda farasi tu. "Farasi ni gari," aliniambia, "muhimu ni dereva." Wa pili alikuwa na karatasi iliyojaa alama za kalamu nyekundu: umri wa farasi, mbio zake tano za mwisho, umbali aliouzoea, mkufunzi wake, hali ya ardhi, na mzigo aliobebeshwa.

Hilo la mzigo lahitaji maelezo. Katika mbio nyingi farasi mwenye sifa kubwa hubebeshwa uzito zaidi, na mnyonge hupunguziwa, ili wote wawe na nafasi ya kushinda. Kuna afisa ambaye kazi yake ni kupanga mizigo hiyo. Anayetaka kubashiri naye hujaribu kumsahihisha afisa yule: je, huyu amebebeshwa kupita kiasi? Yule amependelewa?

Mtu wa ishara moja ana faida yake. Huamua haraka wala hachanganyikiwi. Lakini mpanda farasi hodari juu ya farasi aliyechoka hafiki popote. Farasi mwenye kasi katika mita 1,000 aweza kuishiwa pumzi katika mita 2,400, ambazo ndizo umbali wa Derby ya Kenya. Aliyekimbia vizuri kwenye ardhi kavu aweza kuteleza kwenye tope. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu, nao walisema kweli. Walakini mkulima wa Kosele aliyewahi kupanda mahindi kwa kuona wingu moja juu ya ziwa anajua kwamba dalili si mvua yenyewe.

Nikadhani basi yule mzee wa kalamu nyekundu ndiye mwenye hekima. Mwaka 1973 mwanasaikolojia wa Marekani, Paul Slovic, aliwajaribu wabashiri wanane wenye uzoefu mkubwa wa mbio za farasi. Kwanza aliwapa habari tano tu kuhusu kila farasi, kila mmoja akijichagulia zile alizozitaka. Kisha akawapa kumi, halafu 20, halafu 40. Unadhani walibashiri vizuri zaidi walipopata 40? La. Walipatia kiasi kilekile walichopatia kwa habari tano. Kilichoongezeka ni uhakika wao. Kila habari zilivyozidi ndivyo walivyozidi kuamini kwamba hawawezi kukosea.

Binamu aliliangalia daftari lake, akalifunga polepole.

"Basi bora ishara moja," akasema.

Kuwa wa kwanza kuona

Si hivyo pia, nikamwambia. Marekani kulikuwa na mwandishi wa habari za mbio, Andrew Beyer, ambaye mwaka 1975 alitoa kitabu kuhusu njia yake ya kupima kasi. Hakutazama muda peke yake. Alirekebisha muda kwa kadiri uwanja wa siku ile ulivyokuwa mwepesi au mzito, ili mbio za Jumatatu ziweze kulinganishwa na za Ijumaa. Kwa hiyo hata ile iliyoitwa ishara moja ilikuwa na ishara nyingine zimefichwa ndani yake. Njia hiyo ilimfaa kwa sababu wengine hawakuwa nayo. Mwaka 1992 gazeti la mbio la Marekani lilianza kuchapisha namba zake kwa kila msomaji. Namba zilibaki sahihi, lakini sasa kila mtu alizijua, na faida ikayeyuka.

Iliyeyuka vipi? Katika mbio nyingi pesa za wote huwekwa katika chungu kimoja. Mwenye uwanja hutoa fungu lake kwanza, kisha walioshinda hugawana kilichobaki. Farasi anayependwa na watu wengi, hata akishinda, waliomtegemea ni wengi na kila mmoja hupata kidogo. Hivyo swali la mbashiri si kwamba farasi yupi ni bora. Swali ni yupi ni bora kuliko watu wanavyodhani.

Mmarekani mwingine, Bill Benter, alikwenda Hong Kong katikati ya miaka ya 1980 na kompyuta. Akaingiza ishara nyingi za kila farasi, na kila ishara akaipa uzito wake kwa kuipima dhidi ya matokeo ya mbio nyingi zilizopita. Mwanzoni alipoteza. Mambo yalibadilika alipoongeza ishara moja aliyoidharau: maoni ya umati wenyewe, yaani pesa za watu zilivyogawanyika kati ya farasi. Katika maelezo yake aliyoyachapisha mwaka 1994 alikiri kwamba umati unajua mambo ambayo kompyuta yake haikuyajua. Benter alitajirika, ila ilimchukua miaka, mitambo, wasaidizi na mtaji ambao hauwezi kuonekana katika chama cha Kosele.

Tulilala bila kufikia uamuzi. Mjomba alikuwa amesikiliza yote kutoka kwenye kiti chake, kimya. Aliposimama kwenda kulala alisema neno moja tu: "Kesho ni siku ya soko la ng'ombe. Mje na zile pesa."

Mjomba anaangalia ng'ombe

Mjomba wangu amepita miaka 70. Hakusoma sana, lakini katika ukoo wote hakuna anayenunua ng'ombe bila kumwita. Binamu ndiye aliyekuwa hamwiti, kwa sababu ni baba yake, na vijana ndivyo tulivyo.

Soko la ng'ombe, msomaji, ni mahali pa vumbi, fimbo na maneno mengi. Tulipoingia tu, dalali mmoja alitukimbilia na kutuonyesha ng'ombe mwekundu mwenye kiwele kikubwa ajabu, kimejaa hadi chuchu zimetanuka. Binamu macho yakamtoka. Kama ishara ya maziwa ni kiwele, basi huyu ndiye.

Mjomba alimtazama ng'ombe, akamtazama dalali, akauliza kwa upole: "Alikamuliwa lini?"

Dalali akaanza kuzungumzia hali ya hewa.

Tulipokwisha kusogea, mjomba akatueleza. Ng'ombe asipokamuliwa jana jioni wala leo asubuhi, kiwele hujaa hata kama ni wa lita mbili. "Ukiwa na ishara moja," alisema, "anayeuza naye anaijua. Atakupikia hiyohiyo."

Sikuwahi kusikia hoja dhidi ya ishara moja ikielezwa vizuri kuliko hivyo, wala Ngong wala vitabuni.

Nilitarajia sasa ataanza kukagua kila kitu, kuanzia pembe hadi mkia. Hakufanya hivyo. Mwanamume mmoja karibu yetu alikuwa akikagua kila kitu, hata mwelekeo wa manyoya mgongoni, na ilipofika saa sita alikuwa bado na ng'ombe wa kwanza. Mjomba aliangalia mambo matano tu, na kwa mpangilio uleule kila mara.

La kwanza lilikuwa swali: ametoka boma gani, na kwa nini anauzwa? Anayeuza kwa ajili ya karo au matanga ana sababu. Anayeuza bila sababu, sababu iko ndani ya ng'ombe. La pili, meno. Alifungua kinywa na kuhesabu. Ng'ombe wa miaka miwili hivi ana jozi moja ya meno makubwa mbele, na jozi huongezeka hadi kinywa kijae. Meno yaliyochakaa yanaonyesha uzee hata pembe zikipakwa mafuta. La tatu, mwendo. Alimfanya atembee, akatazama miguu ya nyuma. Ng'ombe anayechechemea hafiki malishoni wala mtoni. La nne, kiwele: si ukubwa wake, bali ulaini, usawa wa chuchu nne, na mishipa ya maziwa chini ya tumbo. La tano, afya: pua yenye unyevu, macho maangavu, na matezi chini ya masikio, maana yakivimba huenda ni ndigana, ugonjwa wa kupe unaomaliza ng'ombe wa gredi.

"Na rangi je?" nikamuuliza.

"Rangi ni ya mwenye kusifu," akanijibu. "Haikamuliwi."

Kisha likaja la sita ambalo halimo ndani ya ng'ombe: bei. Kulikuwa na ng'ombe mmoja aliyefaulu mambo yote matano, lakini watu wanne walikuwa wakimgombea na bei imefika 90,000. Mjomba alipita tu. "Huyo ni mzuri," alisema, "na kila mtu amemwona." Nikamkumbuka Benter na chungu cha Hong Kong. Katika kona ya mwisho tulimkuta mtamba chotara, mwembamba, mwenye mimba ya miezi sita, ametoka kwa mjane aliyekuwa akitafuta karo ya muhula. Ukame ulikuwa umemkondesha, na watu walikuwa wanauona ukondefu wake tu. Meno mazuri, mwendo mzuri, matezi hayakuvimba. Wembamba ni ugonjwa unaoponywa na majani. Tukaafikiana 45,000.

Kinywa kisichofunguka

Tulimswaga mtamba kwa miguu hadi nyumbani. Njiani tukapita chumba kile cha runinga. Kelele zilikuwa zilezile. Binamu alisimama kidogo mlangoni, kamba mkononi, akatazama mbio nzima. Alipotugeukia alisema: "Baba, huyu wa kwenye kioo nitamfungua kinywa vipi?"

Naam, hapo ndipo alipolijibu swali lake mwenyewe. Ishara moja au ishara nyingi ni mjadala wa watu wenye mnyama mbele yao. Farasi wa Ngong ana mapafu, ana miguu, alikula jana na atachoka leo. Yaliyopita yanamfuata, kwa hiyo kuna cha kusoma. Farasi wa kompyuta hana jana. Mshindi huchaguliwa kwa namba za bahati, na mbio iliyokwisha haina habari yoyote kuhusu ijayo. Nambari nne akishinda mara tatu, mara ya nne yuko palepale alipoanza. Kurasa 31 za daftari zilikuwa maelezo safi ya kitu kisichokuwapo.

Fanya hesabu ndogo, msomaji. Tuseme farasi ni sita na nafasi zao ni sawa, na anayeshinda hulipwa mara tano ya dau. Weka shilingi 100 kwa kila mmoja: umetoa 600, umerudishiwa 500. Hiyo 100 imekwenda, uwe umebashiri kwa ishara moja, kwa ishara 40 au kwa kufumba macho. Na katika mbio za kioo hilo hutokea kila baada ya dakika chache, kutwa nzima. Hata dalali wa ng'ombe hawezi kukutoza ada mara mia kwa siku. Wazee walituonya tusiuziwe mbuzi kwenye gunia. Hapa hata mbuzi hayumo, umeuziwa gunia.

Sitakudanganya kwamba mambo yote yalinyooka siku ile. Zile 12,000 hazikurudi, na mkewe binamu hakuzisahau upesi. Miezi miwili baadaye binamu alinikiri kwa simu kwamba aliingia chumba kile Jumamosi moja akaacha shilingi 200. Mtu haachi jambo kwa sababu amelielewa tu.

Mtamba naye alizaa. Alizaa dume, kama methali ya ng'ombe wa maskini ilivyotabiri, na mjomba alicheka hadi akakohoa. Lakini maziwa hayaulizi jinsia ya ndama. Nilipokwenda mara ya mwisho alikuwa akitoa lita saba kwa siku, tano zikiuzwa kwenye hoteli ya sokoni. Mke wa binamu alinionyesha mahali anapoziandika. Ni daftari lilelile la kurasa 96. Ameligeuza, akaanza upya kutoka nyuma: tarehe, asubuhi lita ngapi, jioni lita ngapi.

Ukipita Kosele, msomaji, utakaribishwa chai ya maziwa hayo.